Charles Elton, mtu aliyetumia redio kuonya dunia juu ya mimea na wanyama wavamizi

Mwaka wa 1957, wasikilizaji wa redio BBC kule Uingereza walipata vipindi vitatu ambavyo havikuwa vya siasa wala vya muziki. Aliyesema alikuwa mtaalamu wa miaka karibu 57, mtu mpole, asiyependa sana kujionyesha mbele ya watu. Alieleza namna mbu, konokono, panya ao mmea wa inchi moja unaweza kuvuka bahari, kuingia inchi ingine, na kisha kuharibu maisha ya watu ambao hawakuualika. Vipindi vile viliitwa Usawa na Kizuizi. Jina la mtu yule ni Charles Sutherland Elton.

Mwaka uliofuata, 1958, maneno ya vipindi vile yalikuwa kitabu juu ya uvamizi wa wanyama na mimea. Leo, kila mtaalamu anayekaa na ramani kujaribu kujua mmea mgeni utafika wapi kesho, awe Nairobi, Kampala ao Kinshasa, anapita kwenye njia ambayo Elton alifungua.

Hapa kwetu habari yake haiko mbali. Ukishuka kutoka baridi ya Butembo kuelekea Kanyabayonga na bonde la Rwindi, ao ukitoka Beni kwenda Kasindi kwenye bonde la Semuliki, unaingia inchi ya joto, ya majani mafupi, yenye mvua kidogo kuliko milimani. Ni inchi ya namna hiyo ambayo mimea fulani wavamizi inapenda. Na barabara ya Kasindi ndiyo mlango wa kamyo za bidhaa kutoka Uganda. Elton alifundisha watu kuangalia vitu hivi viwili pamoja: udongo na hali ya hewa upande mmoja, na safari za binadamu upande mwingine.

Mtoto wa nyumba ya vitabu

Charles Elton alizaliwa tarehe 29 Machi 1900 katika mji wa Manchester. Baba yake, Oliver Elton, alikuwa profesa wa fasihi ya Kiingereza. Mama yake, Letitia, aliandika vitabu vya watoto. Ilikuwa nyumba ya watu wa kalamu, lakini kijana Charles alivutwa na vitu vya inje: ndege, wadudu, maua, vidimbwi vya maji. Aliyemfungua macho ni ndugu mkubwa wake, Geoffrey. Walitembea pamoja porini, mkubwa akionyesha, mdogo akiandika kwenye daftari. Ile tabia ya kuandika kila kitu alichokiona haikumtoka tena mpaka uzee.

Alisoma Liverpool, kisha iniversite ya Oxford, alipomaliza masomo ya wanyama mwaka wa 1922. Siku zile masomo ya wanyama yalikuwa zaidi kazi ya meza: kupasua mnyama aliyekufa, kuchora mifupa yake, kumpa jina. Elton hakuridhika. Alitaka kujua mnyama aliye hai anakula nini, anakuliwa na nani, na kwa nini mwaka mmoja wanakuwa wengi na mwaka mwingine wanakosekana. Kwa maneno mengine, alitaka kusoma kijiji kizima cha wanyama, si maiti moja moja.

Bahati ilimfika mwaka wa 1921, akiwa bado mwanafunzi. Mwalimu wake Julian Huxley alimchukua kwenye safari ya Spitsbergen, kisiwa cha barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kule, viumbe ni wachache sana. Kwa Elton ilikuwa faida: aliweza kufuata nani anamla nani, kutoka majani mpaka ndege, kutoka ndege mpaka mbweha. Alirudi kule mwaka wa 1923 na tena 1924.

Pauni moja kati ya tatu

Kuna jambo moja la mwaka wa 1923 ambalo wanaosimulia maisha yake hawaliachi. Akiwa njiani kurudi kutoka barafuni, Elton alipita mji wa Tromsø kule Norwe. Mfukoni alibaki na pauni tatu tu. Katika duka la vitabu aliona buku kubwa juu ya wanyama wa Norwe, limeandikwa kwa lugha ambayo hakuijua. Ndani yake kulikuwa habari ya lemingi, panya mdogo wa inchi za baridi, ambaye miaka fulani anazaana mpaka anafurika milimani na kushuka kwa maelfu, kisha anapotea. Elton alitoa pauni moja kati ya zile tatu, akanunua.

Alipofika Oxford, alikaa na kamusi, akitafsiri neno kwa neno. Aliona kama miaka ya lemingi wengi haiji ovyo. Inarudi kila baada ya miaka mitatu ao mine. Kumbe kupanda na kushuka kwa hesabu ya wanyama kulikuwa na mwendo wake. Mwaka wa 1924 akaandika ju ya jambo hilo.

Kazi hiyo ilimfungulia mlango kwa Kampuni ya Hudson's Bay, iliyonunua ngozi za wanyama kule Kanada kwa karne nyingi. Alikuwa mshauri wao mpaka mwaka wa 1931. Mabuku ya biashara ya kampuni yalikuwa na hesabu za ngozi za tangu miaka ya 1700. Kwa mfanyabiashara, hesabu zile zilikuwa makuta ya zamani. Elton aliona ndani yake kitu kingine: ngozi za paka wa pori zinaongezeka na kupunguka kila miaka karibu 10, zikifuata sungura ambao paka wale wanakula. Ndivyo alijifunza jambo ambalo lilimsaidia maisha yote, kwamba daftari iliyotunzwa vizuri, hata ya duka, inaweza kuonyesha mambo ambayo macho ya mtu mmoja hayawezi kuona.

Mwaka wa 1927 ulimletea mambo mawili, furaha na msiba. Kitabu chake cha kwanza kikubwa juu ya ekolojia ya wanyama kilitoka. Alikuwa amekiandika kwa muda wa karibu miezi mitatu. Ndani yake alieleza minyororo ya chakula, na kwa nini wanyama wadogo ni wengi sana na wakubwa wachache, mambo ambayo leo watoto wa sekondari wanafundishwa kila pahali. Mwaka uleule, ndugu yake Geoffrey, yule aliyemtembeza porini, alifariki akiwa bado kijana.

Biro ndogo yenye kazi kubwa

Mwaka wa 1932 Elton alianzisha pale Oxford biro ya kufuatilia hesabu za wanyama. Ilikuwa biro ndogo. Pesa zake zilikuwa za kutafutatafuta, mwaka huu hapa, mwaka ule pale. Lakini wanafunzi walitoka inchi nyingi kuja kujifunza. Mwaka huohuo alikuwa mkubwa wa gazeti jipya la elimu ya ekolojia ya wanyama. Katika nyumba yake, bibi yake wa pili, Edith Joy Scovell, aliyeoana naye mwaka wa 1937, alikuwa mwandishi wa mashairi. Walizaa watoto wawili.

Kisha vita ya pili ya dunia ikafika. Uingereza ilikuwa kisiwa kilichozungukwa, chakula kinafika kwa meli ambazo adui anazizamisha. Kila mfuko wa ngano uliokuliwa na panya ulikuwa hasara ya vita. Serikali ikaomba biro ya Elton itafute njia ya kupigana na panya na sungura. Kwa miaka ile yote, mtu aliyependa wanyama alisoma namna ya kuwaua. Watu wake walijifunza kuhesabu panya wangapi wako mahali, wanakula kiasi gani, wanarudi kwa muda gani baada ya kutegewa sumu.

Kazi ya panya ilimuachia fundisho. Ukiua nusu ya panya na kwenda kulala, wanaobaki wanakula vizuri zaidi, wanazaana, na baada ya miezi uko pale ulipoanza. Anayeshinda ni yule anayemaliza kazi akiwa mapema, wakati mnyama bado mchache. Fundisho hilo ndilo lilikuja kuwa moyo wa vipindi vya redio vya mwaka wa 1957.

Mbu aliyevuka bahari

Kati ya mifano ambayo Elton aliwapa watu, mmoja ulitoka Afrika. Mwezi wa tatu mwaka wa 1930, mtaalamu mmoja wa wadudu, Raymond Shannon, aliona katika mji wa Natal, kule Brazil, watoto wa mbu ambaye hakupaswa kuwa pale. Alikuwa gambiae, mbu wa Afrika, yule anayetubebea malaria hapa kwetu. Inaaminika alivuka na meli za haraka za Wafaransa zilizobeba barua kati ya Dakar na Natal.

Malaria ikalipuka ndani ya mji. Watu walipigana naye pale Natal mpaka akatoka mjini, na wengi wakafikiri kazi imeisha. Lakini mbu yule alikuwa ameshachukua njia ya pwani, kimya kimya, kupitia inchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Brazil. Mwaka wa 1938 akafika bonde la Jaguaribe, na maelfu ya watu wakafa. Ilibidi jeshi kubwa la wafanyakazi, chini ya uongozi wa Fred Soper, lipite nyumba kwa nyumba na kidimbwi kwa kidimbwi. Mwaka wa 1940 wakamaliza kabisa mbu yule katika Brazil.

Elton aliona pande mbili za habari hiyo. Upande mmoja, ushindi: inawezekana. Upande mwingine, miaka minane ya kuchelewa, na makaburi ambayo hayakuwa ya lazima.

Mfano mwingine ulitoka karibu na Prague. Mwaka wa 1905, mwana wa ukoo wa kifalme aliachilia katika shamba lake panya wa maji watano kutoka Amerika, wanaotafutwa kwa ngozi yao. Watano tu. Walizaana na kusambaa Ulaya ya kati kwa mamilioni. Mwaka wa 1951, mtaalamu wa hesabu J. G. Skellam alichukua ramani ya panya wale, akaonyesha jambo rahisi. Kila mwaka mpaka wao ulisogea mbele kwa mwendo karibu uleule.

Mtu anaweza kufanya hesabu hiyo nyumbani. Tuseme mmea unasogea kilometa 10 kila mwaka kwa pande zote. Mwaka wa kwanza umeshika eneo la kilometa za mraba karibu 314. Mwaka wa pili, karibu 1.256. Mwaka wa tano, karibu 7.850. Mwendo haukubadilika, lakini kazi ya kuung'oa imeongezeka mara 25. Ndiyo maana mkulima anayeona mashina kumi leo na kusema atashughulika nayo msimu ujao, msimu ujao hatayahesabu tena.

Na mimea haisogei kwa miguu tu. Mbegu inapanda ndani ya tope la gurudumu, ndani ya mfuko wa mahindi, kwenye manyoya ya mbuzi, ndani ya tumbo la ng'ombe. Inafanya kama moto wa majani wakati wa kiangazi: unalinda huku, cheche inaruka barabara na kuwasha kule. Kila cheche inakuwa kituo kipya chenye mzunguko wake.

Kizuizi kinapovunjika

Elton alieleza kwamba kwa mamilioni ya miaka bahari, jangwa na milima viligawanya dunia kama vyumba vya nyumba. Katika kila chumba, mimea na wanyama walizoeana: huyu anamla yule, ugonjwa huu unapunguza wale. Meli, treni, kamyo na ndege vilitoboa kuta. Mmea unaofika chumba kingine umeacha nyuma wadudu wanaoukula na magonjwa yanayoupunguza. Kama hali ya hewa ni ile uliyoizoea, unabaki bila adui.

Wakaaji wa Australia walijua maana yake. Mpungate, ile miiba ya majani manene iliyotoka Amerika, ulishika karibu hekta milioni 24 za malisho yao kufikia mwaka wa 1925. Familia ziliacha mashamba na kuhama. Panga, moto na sumu vilishindwa. Kisha wataalamu wakaleta kutoka Argentina nondo mdogo ambaye watoto wake wanakula mpungate peke yake. Kufikia mwaka wa 1933 sehemu kubwa ilikuwa imeoza na kuanguka.

Kongo nayo ilikuwa na msiba wake katika miaka ileile. Mwaka wa 1952, majani ya maji kutoka Amerika ya Kusini, yale ambayo watu wa Kinshasa wanayaita Kongo ya sika, yalionekana kwenye mto Kongo. Kwa muda wa miaka karibu mitatu yalikuwa yamefunika mto toka Leopoldville mpaka Stanleyville, ndiyo Kinshasa na Kisangani za leo. Wabelgiji walimwaga sumu bila kuyamaliza. Miaka karibu 40 baadaye, ndugu yake yuleyule alishika Ziwa Viktoria.

Lakini Elton hakufundisha kuchukia kila kigeni. Muhogo, mahindi, maharagi na viazi tunavyokula vilitoka Amerika. Kinkina inayotoa dawa ya malaria ilitoka milima ya Amerika ya Kusini, na mikaratusi inayozunguka Butembo ilitoka Australia. Wageni wengi wanakaa pale walipopandwa. Tatizo ni wale wachache wanaotoroka shambani na kuenda bila kusukumwa. Kazi ngumu ni kujua mapema ni wapi.

Kwa hiyo Elton alirudilia jambo moja: kwanza ujue wenyeji. Huwezi kumtambua mgeni kama hujui nani anakaa nyumbani. Yeye mwenyewe, tangu mwaka wa 1945, alitumia miaka 20 akiandika kila kiumbe cha msitu mmoja, Wytham, karibu na Oxford. Hapa kwetu, kazi ya namna hiyo ilifanywa na Mbelgiji Jean Lebrun, aliyeandika majani na miti ya bonde la kusini ya Ziwa Edouard ndani ya parki ya leo ya Virunga. Vitabu vyake vilitoka mwaka wa 1947. Mtu akitaka kujua leo ni nini kimeongezeka pale Rwindi, ile ndiyo daftari ya zamani ya kulinganisha.

Jambo lingine alilosisitiza ni mchanganyiko. Shamba lenye mmea wa aina moja tu, kilometa kwa kilometa, ni nyumba isiyo na mlango. Mahali penye ua wa miti, kichaka, majani mbalimbali, mgeni anakuta kila kiti kimekaliwa. Wataalamu waliokuja nyuma yake walibishana naye hapa, kwa sababu waliona maeneo mapana yenye mimea wengi wenyeji mara nyingi yana wageni wengi pia. Lakini katika kipande kidogo cha ardhi, mara nyingi mambo yalikuwa kama alivyofikiri. Mama wa Lubero anayechanganya ndizi, maharagi na matembele katika shamba moja anafunika udongo, na udongo uliofunikwa hauna nafasi ya bure kwa mbegu iliyoanguka kutoka kamyo.

Vilevile alihofu sumu iliyokuwa inamwagwa siku zile bila kipimo. Aliona inaua hata wale wadudu wanaotusaidia. Mwaka wa 1962, Mmarekani Rachel Carson alitumia mawazo ya Elton katika kitabu chake maarufu juu ya madhara ya sumu za shambani.

Mlango uliofungwa

Mtu angefikiri kwamba baada ya vipindi vile serikali zote ziliamka. Haikuwa hivyo. Kitabu cha 1958 kilisomwa, kikasifiwa, kisha kwa miaka zaidi ya 20 wachache tu waliendeleza kazi yake. Mwaka wa 1967 Elton alipopata pensheni, iniversite ilifunga biro yake. Miaka 35 ya kazi, na mlango ukafungwa. Wanafunzi wake walikuwa wamesambaa inchi nyingi, wakiendelea kila mtu kwake.

Heshima zilikuja: medali ya Darwin mwaka wa 1970, tuzo ya Tyler mwaka wa 1976. Lakini mambo aliyoyaonya yalikuwa yanaendelea bila kumngoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Baringo, inchi kavu ya Kenya, serikali na shirika la FAO walipanda mti wa Amerika unaoitwa prosopisi, ambao Wakenya wanauita mathenge. Nia ilikuwa nzuri: kuni, makala, kivuli, kuzuia jangwa. Mti uliota pale ambapo mingine ilikauka. Mbuzi walikula maganda yake matamu na kubeba mbegu ndani ya tumbo kwenda mbali. Malisho yakafungwa na miiba, na sukari ya maganda ikaozesha meno ya mbuzi. Mwaka wa 2006 wakaaji wa Baringo waliishitaki serikali, na wakaleta mahakamani mbuzi aliyepoteza meno awe ushahidi wao. Katika jimbo la Afar, kule Etiopia, mti uleule umeshika zaidi ya hekta milioni moja.

Maswali ambayo Elton angeuliza kabla ya kupanda yalikuwa rahisi. Mti huu unatoka hali ya hewa gani? Nani anaukula kwao? Mbegu yake itasafiri na nani?

Kuanzia mwaka wa 1982, wataalamu wa inchi nyingi walijikusanya kuchukua upya maswali hayo. Mwaka wa 1985, Waaustralia wawili, Sutherst na Maywald, walitoa programu ya kompyuta inayoitwa CLIMEX. Inachukua joto, baridi na mvua za mahali kiumbe kinapotoka, kisha inatafuta katika ramani ya dunia mahali pengine penye hali kama ile. Elton alikuwa mzee, lakini alikuwa bado hai kuona kizazi kipya kinasoma kitabu chake.

Charles Elton alifariki tarehe 1 Mei 1991, akiwa na miaka 91. Mwaka uliofuata, 1992, inchi za dunia zilitia sahihi mapatano juu ya viumbe hai kule Rio de Janeiro. Ndani yake kila inchi inaombwa kuzuia, kupunguza ao kumaliza viumbe wageni wanaoharibu. Kongo, wakati ule Zaire, iliyakubali mwaka wa 1994.

Mlango wa Kasindi

Programu ile ya kompyuta ilitumiwa kwa mmea mmoja ambao unatuhusu karibu: partenium. Ni mmea mfupi wa maua madogo meupe, majani yake yamekatika kama ya karoti. Unatoka Amerika. Unaota kandokando ya barabara, kwenye malisho yaliyochoka na mashamba yaliyoachwa. Shina moja linaweza kutoa mbegu zaidi ya 15.000, na maua yanaweza kutoka wiki chache tu baada ya kuota. Unawasha ngozi, unaletea wengine shida ya kupumua, na maziwa ya ng'ombe aliyeukula yanakuwa machungu.

Ramani ya wataalamu, iliyotoka mwaka wa 2011, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki inafaa kwa mmea huo. Uganda uligunduliwa mwaka wa 2008, na umeonekana pia ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ambayo inapakana na parki yetu ya Virunga. Kati ya kule na Kasindi hakuna bahari wala jangwa. Kuna barabara, na magurudumu yenye tope.

Tena kwetu kuna jambo ambalo ramani ya hali ya hewa haionyeshi. Vita imefanya watu waache mashamba mingi kati ya Beni na Lubero. Shamba lisilolimwa ni udongo ulio wazi, na hakuna macho ya kuona shina la kwanza. Mtu anayerudi baada ya miaka miwili anaweza kukuta majani ambayo wazee wake hawakuyapa jina.

Kwa jambo hilo, kazi ambayo Elton aliifanya tangu utoto haiombi kompyuta. Mkulima anayejua majani ya shamba lake ana elimu ileile ya daftari ya Wytham. Akiona jani jipya lenye maua meupe kandokando ya barabara, alionyeshe kwa agronomu wa eneo lake. Kama ni partenium, mashina yang'olewe kabla ya kuchanua, mikono ikiwa imefunikwa, kisha mahali pale parudiliwe baada ya mvua mbili tatu, kwa sababu mbegu zinazobaki ndani ya udongo zitaota tena.